Mauaji ya Galt na Adhabu ya Ankole

Mnamo tarehe 19 Mei 1905, Harry St. George Galt, kaimu mkuu wa Jimbo la Magharibi la Uganda chini ya himaya ya Waingereza, alipokuwa safarini kutoka Fort Portal kuelekea Mbarara, alichomwa mkuki akafa pale Ibanda, kwenye nyumba ya wageni alikotua jioni. Mtuhumiwa, Rutaraka, alikutwa ameshakufa. Na kwa kuwa maiti haihojiwi, serikali ikawageukia machifu, ikidhani kwamba mkuki ule ulikuwa umetumwa. Wawili, miongoni mwao Nyakayaga, walihukumiwa kifo, kisha mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu hiyo. Lakini wakahamishwa nchini vivyo hivyo kwa amri ya utawala, jambo ambalo kwa mizani ya kadhi yeyote mwadilifu ni adhabu bila hatia. Ankole nzima, ufalme ambamo Ibanda ilikuwemo, nayo ilitiwa lawamani: Mkataba wake wa 1901 na Waingereza ulisimamishwa hadi 1912. Rundo la mawe la ukumbusho wa Galt lingalipo Ibanda.