Uandishi wa Habari, Uhusiano na Matangazo: Tulikotoka

Kila tunapokutana shuleni kwetu, vijana wa Kidato cha Sita hutuuliza sisi tuliotangulia habari za kazi tulizozishika. Mimi huulizwa mara nyingi swali hili: je, anayekwenda chuoni kusomea uandishi wa habari, uhusiano wa umma na matangazo ya biashara, anasomea kazi moja au kazi tatu? Baadhi ya wenzetu hujibu upesi kwamba zote ni kazi ya maneno. Mimi siafiki, na shahidi wangu ni historia ya masomo yenyewe.

Kwanza, masomo haya hayakuzaliwa tumbo moja. Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, kilifungua shule ya uandishi wa habari mwaka 1908 ili mwandishi apate taaluma kama mwalimu au mwanasheria. Uhusiano wa umma ulitokea upande wa pili, kwa wenye makampuni waliokuwa wakishambuliwa na magazeti. Mwaka 1906 Ivy Lee, aliyekuwa mwandishi wa magazeti kabla ya kuwatumikia, aliwatolea wahariri tamko kwamba kazi yake itafanywa waziwazi. Mwaka 1923 Edward Bernays akaanza kufundisha somo hilo katika Chuo Kikuu cha New York.

Hapa kwetu gazeti na shule vilikuwa jirani tangu zamani. *Kiongozi* lilianza kutolewa mwaka 1904 katika shule ya serikali ya Wajerumani mjini Tanga. Waingereza nao walianzisha *Mambo Leo* mwaka 1923, chini ya Idara ya Elimu. Waandishi walijifunza kazini, na ada yake wakati mwingine ilikuwa kali. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alitozwa faini ya shilingi 3,000 kwa maneno yaliyoandikwa katika *Sauti ya TANU* juu ya Mabwana Shauri.

Kituo cha Nyegezi, Mwanza, kilianzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1960, na uandishi wa habari ukawa miongoni mwa masomo yake. Mwaka 1970 serikali ilitaifisha *The Standard*, na mwaka 1972 likaunganishwa na *The Nationalist* kuwa *Daily News*. Chuo cha Uandishi wa Habari Tanzania kikafunguliwa Dar es Salaam mwaka 1975. Mwaka uliofuata zikapitishwa sheria ya kuunda Shirika la Habari, Shihata, na Sheria ya Magazeti. Mwandishi wa wakati huo alihesabiwa kuwa mjenzi wa taifa, mpiganaji dhidi ya ujinga, umaskini na maradhi. Matangazo ya biashara hayakuwa na uzito mkubwa, kwani nani angelipia kuisifu sabuni ambayo watu walikuwa tayari wameipangia foleni?

Mambo yaligeuka baada ya mwaka 1992, vyama vingi viliporudi. Magazeti ya watu binafsi yakaongezeka, na mwaka 1994 ITV ikaanza kurusha matangazo. Mabenki na makampuni ya simu yakahitaji watu wa kuyasemea. Mwaka 2003 Chuo cha Uandishi wa Habari kiliingizwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na baadaye shahada ya uhusiano wa umma na matangazo ikafundishwa bega kwa bega na ile ya uandishi wa habari.

Nieleze tofauti yake kwa mfano. Tuseme kiwanda kimemwaga maji machafu mtoni. Mwandishi huenda kwa wavuvi, kwa mganga wa zahanati na kwa meneja, akiuliza nani, nini, lini, wapi, kwa nini na vipi. Afisa Uhusiano humshauri meneja aseme lililotokea na hatua anazochukua, kisha humletea malalamiko ya wanakijiji bila kuyapunguza makali. Mtu wa matangazo huuza bidhaa ya kiwanda hicho kwa maneno machache yanayovuta macho. Wa kwanza anamtumikia msomaji. Hao wawili wanamtumikia anayewalipa. Zote ni kazi halali, mradi kila mmoja aonyeshe kofia aliyovaa.

Hatari ipo pale kofia zinapobadilishwa kwa siri. Gazeti huishi kwa fedha za matangazo, na mwenye kiwanda anajua hivyo. Nilipokuwa Afisa Uhusiano wa shirika moja, mkubwa wangu alitaka nitangaze kwamba huduma imerejea, ilhali mafundi walikuwa bado shimoni. Nilimwambia kwamba wateja watafungua bomba kabla ya kulifungua gazeti. Alinuna, lakini taarifa ilingoja mpaka maji yakatoka.

Basi vijana wetu, someni yote matatu, kwani mwandishi asiyejua ujanja wa matangazo hudanganywa kirahisi, na Afisa Uhusiano asiyejua kazi ya gazeti hulidharau. Lakini siku ya kuchukua ajira, jiulizeni mnamtumikia nani, na mumweleze msomaji hivyo. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ilikuja na masharti ya elimu na kitambulisho kwa waandishi. Uaminifu hautolewi na ofisi yoyote. Huo mtu hutoka nao kwao, na katika shule kama yetu.