Habari ya Watu wa Yumbe: Ukimbizi, Suluhu na Ardhi

Wilaya ya Yumbe iko kaskazini-magharibi ya Uganda, katika nchi ya West Nile, nayo imepakana na Sudani ya Kusini. Wenyeji wake walio wengi ni Waaringa, na Waaringa walio wengi ni Waislamu. Nchi hiyo hulima muhogo, mtama, ufuta na tumbaku, wala haikupata kusifiwa kwa utajiri wakati wo wote. Lakini katika muda wa miaka 40 watu wake walionja pande zote mbili za ukimbizi, upande wa mwombaji na upande wa mwombwa, na kwa sababu hiyo habari zao zastahili kuandikwa.

Serikali ya Idi Amin ilipoanguka mjini Kampala mwezi wa Aprili 1979, hatia ya utawala ule ilitupwa juu ya watu wote wa West Nile, kwa kuwa Amin alihesabiwa kuwa mtu wa huko na askari wake wengi walitoka huko. Haifai kukana kwamba walikuwamo waliodhulumu. Lakini mkulima wa Aringa hakuwa na sehemu katika dhambi ya askari ati kwa kuwa wanasali kibla kimoja. Mwezi wa Oktoba 1980 askari wa zamani walivuka mpaka kutoka Sudani wakashambulia, na jeshi jipya la serikali likalipiza kisasi kwa raia. Nyumba zilichomwa moto na vijiji vikahamwa. Tarehe 24 Juni 1981 hata watu waliojihifadhi katika misheni ya Wakatoliki ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, walifuatwa humo humo wakauawa. Mamia ya maelfu walivuka mipaka, wengine wakaingia Zaire, wengine Sudani katika nchi za Yei na Kajo-Keji.

Ukimbizini kulikuwa na makambi ya Umoja wa Mataifa, na posho ikigawanywa. Hata hivyo wengi hawakukaa makambini. Walikaa kati ya wenyeji, Wakakwa na Wakuku, ambao wengi wao ni Wakristo, nao walikuwa maskini kama wageni wao. Mwanachuoni Barbara Harrell-Bond, aliyefanya uchunguzi miongoni mwa wakimbizi hao, alitoa mwaka 1986 kitabu kiitwacho Imposing Aid, ambamo aliwalaumu watoa misaada kwa kuyaamua mambo ya wakimbizi bila ya kuwashauri wenyewe. Lawama hiyo haijapitwa na wakati.

Mwaka 1986 vita vya Sudani viliyafikia makazi yao, nao wakarudi kwao kwa haraka, si kwa hiari. Walikuta mashamba yamegeuka msitu, na shule na zahanati hazina paa. Wala taabu haikwisha hapo. Mwaka 1996 lilizuka jeshi la uasi lililoitwa UNRF II, chini ya Ali Bamuze, likipata msaada kutoka Khartoum. Wapiganaji wake walikuwa vijana wa Aringa wenyewe, na waliodhurika zaidi walikuwa Waaringa vile vile: mabomu yalifukiwa katika njia za kwendea shamba na sokoni, na watu wakapoteza miguu katika ardhi ya babu zao.

Jambo kubwa katika historia ya Yumbe ni namna vita hivyo vilivyokoma, kwani havikukomeshwa kwa ushindi wa upande wo wote. Bunge la Uganda lilipitisha Sheria ya Msamaha mwaka 2000, lakini msamaha ulioandikwa Kampala hauwezi kumtoa kijana msituni iwapo hamwamini aliyeuandika. Wazee wa koo, viongozi wa dini na wanawake walijitwika kazi ya kuwasemesha walioko msituni, ambao kwao hawakuwa maadui bali wana na wapwa. Wanawake hasa wasisahauliwe, maana mara nyingi katika vitabu vya suluhu huandikwa majina ya waliotia sahihi peke yao. Vita vilisimamishwa mwezi wa Juni 2002, na tarehe 24 Desemba 2002 mapatano yalitiwa sahihi huko huko Yumbe. Baadhi ya wapiganaji waliingizwa katika jeshi la taifa na wengine wakarejea majumbani.

Mwezi wa Julai 2016 mapigano yalizuka tena mjini Juba, na vita vikaenea mpaka Yei na Kajo-Keji. Mwezi wa Agosti kambi ya Bidi Bidi ilifunguliwa katika wilaya ya Yumbe, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa na watu zaidi ya 270,000, katika wilaya ambayo hesabu ya 2014 iliwapata wakaazi wapatao 485,000. Ardhi ile haikuwa ya serikali, bali ya koo, na wazee walikubali kuitoa bila ya kodi. Hivyo watu wa Yei na Kajo-Keji walikuja kupewa viwanja vya mita 30 kwa 30 na wale ambao wao wenyewe, au wazazi wao, waliwapokea miaka ya 1980.

Muislamu atawakumbuka Ansari wa Madina, na pia kwamba msafiri aliyekatikiwa ni mmoja wa wale wanane wenye haki katika zaka. Lakini si kweli kwamba wazee walitoa ardhi kwa ajili ya thawabu peke yake. Walitumaini pia visima, barabara, shule na kazi kwa vijana, nao hawalaumiki, kwa kuwa hata kanuni ya Uganda yataka sehemu ya asilimia 30 ya msaada iwafikie wenyeji. Matumaini hayo yalitimia nusu nusu. Miti ilikatwa kwa kuni na kwa kujengea, wanawake wa pande mbili wakagombana porini na visimani, na vijana wa Yumbe wakalalamika kwamba kazi za mashirika zachukuliwa na wageni kutoka mbali.

Aprili 2020 posho ya wakimbizi nchini Uganda ilipunguzwa kwa asilimia 30. Kiwanja cha mita 30 hakilishi nyumba, basi wakimbizi wakaenda kwa wenyeji kuomba mashamba. Wengine walipewa bure, wengine kwa kodi ya fedha au sehemu ya mavuno, na mapatano mengi yalifanywa kwa mdomo, mbele ya mashahidi, pasipo karatasi.