Bia Moja, Miaka 19 na Fedha za Barabara

Mwezi uliopita mzee mmoja, jirani yangu, alinijia jioni. Hata kiti hakukikalia vizuri, akasema: "Dokta, mwanangu kakamatwa Marekani." Kijana ana miaka 19, yuko mwaka wa pili chuoni. Polisi walimsimamisha usiku akiendesha gari, wakampuliza kipimo cha kilevi, kikasoma 0.03. Mzee alikuwa mhasibu maisha yake yote, na namba haimpiti hivi hivi. Alikwisha kuulizia: katika jimbo lile mtu mzima huhesabiwa amevunja sheria kuanzia 0.08. "Sasa kosa la mwanangu liko wapi?"

Kosa liko katika sheria ambazo ni changa kuliko mimi mwenyewe.

Marufuku ya pombe ilipofutwa mwaka 1933, Katiba ya Marekani iliyaachia majimbo mamlaka juu ya vileo, na mengi yakaweka umri wa kunywa kuwa miaka 21. Kisha ikaja vita ya Vietnam. Vijana wa miaka 18 waliochukuliwa jeshini kwa lazima waliuliza kwa nini wanaweza kuifia nchi na hawawezi kuipigia kura. Marekebisho ya 26 ya Katiba, mwaka 1971, yakawapa kura. Na katika vuguvugu hilohilo majimbo zaidi ya 20 yakashusha umri wa kunywa hadi 18, 19 au 20. Lakini hayakushusha yote. Kijana wa jimbo lenye masharti makali alivuka mpaka kwa gari, akanywa kwa jirani, akarudi usiku amelewa. Wamarekani waliiita mipaka hiyo mipaka ya damu.

Mwaka 1980 Candy Lightner wa California, aliyefiwa na binti yake wa miaka 13 aliyegongwa na dereva mlevi, alianzisha chama cha akina mama kilichojulikana kama MADD. Msomaji azingatie jambo moja: dereva yule hakuwa kijana. Alikuwa mtu mzima aliyekwisha kuwa na makosa ya aina hiyohiyo. Hata hivyo hasira ile ya haki ilipofika Bunge la Washington, mkono wake mzito uliwaangukia vijana. Nadhani sababu si ngumu kuiona: wapiga kura wa miaka 40 nao hunywa.

Bunge halikuwa na mamlaka ya moja kwa moja juu ya umri wa kunywa, kwa hiyo likashika mfuko wa fedha. Sheria aliyoitia saini Rais Reagan mwezi Julai 1984 haikumkataza kijana yeyote kunywa. Ilisema tu kwamba jimbo litakaloruhusu walio chini ya miaka 21 kununua pombe litakatwa fedha za barabara kuu, asilimia 5 kwanza, kisha 10. South Dakota, iliyowaruhusu wa miaka 19 kununua bia hafifu, ilikwenda mahakamani. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu iliikatalia kwa majaji saba dhidi ya wawili. Jaji O'Connor, mmoja wa wale wawili, aliona kwamba vijana ni sehemu ndogo tu ya tatizo la ulevi barabarani. Kufikia 1988 majimbo yote yalikuwa yamesalimu amri.

Mbinu ikarudiwa mwaka 1995, safari hii kwa madereva: jimbo liweke kiwango kisichozidi 0.02 kwa dereva wa chini ya miaka 21, au likatwe fedha. Hapo ndipo 0.03 ya kijana wetu ilipozaliwa kuwa kosa. Na adhabu yake ya kwanza kwa kawaida haisubiri hakimu. Mamlaka ya leseni huifungia leseni kwa utaratibu wake yenyewe, huku shauri la mahakamani likiendelea kivyake.

Mahakamani nako mambo hayalingani. Mwaka 2013, huko Texas, kijana wa miaka 16 mwenye kilevi mara tatu ya kiwango cha mtu mzima aliua watu wanne. Mahakama ya watoto ilimpa miaka 10 ya uangalizi, bila kifungo. Akatoroka na mama yake hadi Mexico, akarudishwa, na mwaka 2016 akafungwa siku 720, yaani 180 kwa kila marehemu. Mwana wa jirani yangu hakugusa hata jani la mti, lakini ana miaka 19: baa humwona mtoto, mahakama humwona mtu mzima.

Tena ni mgeni. Tangu 2015 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani imeruhusu balozi zake kufuta viza ya mtu aliyekamatwa tu kwa tuhuma za kuendesha akiwa amelewa, hata kabla ya hukumu. Anaweza kuendelea na masomo. Akitoka nchini, kurudi kunahitaji viza mpya na maswali mapya.

Nilimwambia mzee kijana asipande ndege kabla ya kuonana na wakili. Alinyamaza. Harusi ya binti yake ni mwezi wa nane, na kadi zimekwisha kuchapwa zikiwa na jina la kijana kama msemaji wa familia.