Sindano Mkononi, Cheti Mbali: Elimu ya Wanawake wa Usumbura, 1946 hadi 1960

Bwiza, ambayo zamani iliitwa Belge, na jirani yake Buyenzi ni mitaa ambayo utawala wa Kibelgiji uliwatengea Waafrika wa Usumbura, Bujumbura ya leo. Ubaguzi wa rangi uliopanga makazi ndio uliopanga na masomo, na ndani ya masomo ya Waafrika ukawekwa mpaka mwingine kati ya mvulana na msichana. Mwanahistoria Mmarekani Nancy Rose Hunt aliuchunguza mpaka huo katika makala yake ya mwaka 1990 kuhusu Foyer Social ya Usumbura, kituo cha mafunzo ya wanawake, akiangalia miaka ya 1946 hadi 1960. Utafiti huo unapaswa kusomwa Bwiza kabla ya kwingine kokote, maana unabomoa dai ambalo bado tunalisikia: kwamba wanawake wa mitaa hii waliachwa nyuma kwa sababu wazee wao, hasa Waislamu, hawakuijali elimu.

Kama hawakuijali, mbona walikwenda? Foyer ilipata wanafunzi, na wanawake wa Kiislamu walikuwa miongoni mwao. Swali la maana zaidi ni kile walichopewa walipofika. Walifundishwa kushona, kufuma, kutia viraka, kupika, kufua, kupiga pasi na kulea mtoto mchanga. Baadaye wafanyakazi wa kituo waliwafuata majumbani kutazama kama somo limeshika, na nyumba zikashindanishwa kwa usafi na mpangilio. Mwanamke mzima, mwenye watoto na mji wake, alikaguliwa jinsi anavyopanga chumba! Lengo lilikuwa kumpata mke wa kumfaa karani. Karani mwenyewe alitengenezwa kwingine: tangu miaka ya 1930 shule ya Astrida, nchini Rwanda, iliwaandaa vijana wa kiume wa Rwanda na Burundi kuwa makarani na wasaidizi wa tiba, mifugo na kilimo, nayo ikawapendelea wana wa machifu na Watutsi. Yaani hata kwa wavulana mlango haukuwa wazi kwa wote. Nafasi chache za wasichana zilikuwa kwa masista, na kwa familia ya Kiislamu kumpeleka binti misheni kulikuwa ni kuihatarisha dini yake.

Wapo watakaosema sindano nayo ni riziki. Ni kweli, na ni haki kulikubali hilo: anayejua kushona anaweza kuuza nguo na kulisha watoto, na wanawake wa mjini walijua kuligeuza fundisho likawafaa wenyewe. Lakini riziki ya sindano haikumfikisha mtu ofisini, mahakamani wala katika baraza. Uhuru ulipokuja mwaka 1962, vyeo vilivyoachwa wazi viliwadai watu wenye vyeti, na vyeti karibu vyote vilikuwa mikononi mwa wanaume. Pengo hilo lilianzia darasani, katika kilichofundishwa, wala halikutokana na akili au mila ya aliyefundishwa.

Kwamba wanawake hao walikuwa na hoja zao, Hunt alilionyesha tena katika makala ya 1991. Serikali ilikuwa ikiwatoza kodi wanawake wa mjini iliowahesabu kuwa wanaishi peke yao bila mume, na kuwaweka wote katika fungu moja lililonuka tuhuma ya umalaya. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wajane na watalaka wa Kiislamu wa Buyenzi waliikataa kodi hiyo, kwa sababu iliwavunjia heshima. Nadhani huu ndio ukurasa unaokosekana zaidi katika masomo ya historia na sosholojia tunayowapa vijana wetu. Makala zote mbili ziko kwa Kiingereza, katika majarida ya wasomi wa mbali. Mwanamke aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1958 sasa anakaribia 90. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Burundi wangeweza kwenda Bwiza na Buyenzi wiki hii, na kinasa sauti, kuwauliza waliobaki walijifunza nini na walitaka kujifunza nini.