Zefe ya Maulidi katika Mji wa Lamu

Neno zefe asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kumsindikiza bibi arusi kwa nyimbo mpaka kwa mumewe. Watu wa pwani walilipokea wakalipanua, hata kila msafara wa furaha upitao njiani kwa matari na kuimba huitwa zefe. Lakini huko Lamu likitajwa katika Mfungo Sita, yaani mwezi wa Rabiulawali, kila mtu hufahamu kuwa ni zefe ya Maulidi, ya kukumbuka kuzaliwa kwa Mtume Muhammad.

Desturi yenyewe ni hii. Siku ya mwisho ya sherehe wanaume huzuru kaburi la Sharifu Swaleh bin Alawi Jamalilel, aliyejulikana sana kwa jina la Habib Swaleh. Kisha hujipanga safu safu, wakashika njia ya pwani iliyo mbele ya bandari, wakipiga matari na kuimba kasida, hata wawasili msikiti wa Riyadha ulioko mtaa wa Langoni.

Twauliza, mbona waanzie kaburini kwa mwalimu? Habib Swaleh alitoka Ngazija, akahamia Lamu katika karne ya 19. Siku zile utumwa ulikuwa haujakomeshwa. Sheria ya kuuondoa pwani ilitolewa mwaka 1907. Elimu ya dini ilikuwa kama urithi wa wangwana wa majumba ya mawe, na watumwa na watu wanyonge hawakuwa na nafasi humo. Yeye aliwakusanya hao akawafundisha. Tena alieneza Maulidi yaliyotungwa na Ali bin Muhammad al-Habshi wa Hadhramaut, yakasomwa kwa matari msikitini. Baadhi ya wakubwa wa mji walichukizwa, wakinena kwamba matari si kitu cha msikitini. Wala yeye hakuacha.

Habib Swaleh alifariki mwaka 1935. Hata leo wageni kutoka pwani yote ya Afrika ya Mashariki hufika Lamu kwa Maulidi hayo, wakaandamana pamoja na wenyeji.

Basi, atakaye kujua maana ya zefe hii asisikilize matari tu. Na aulize pia ni akina nani zamani waliosimama kando ya njia, na ni nani aliyewatia katika safu.