Jembe, Nyumba na Kiti cha Mbunge

Mpiga kura wa Tanzania Bara aliyeingia kituoni Septemba 1965 alikuta kwenye karatasi yake majina mawili na alama mbili: jembe na nyumba. Wenye majina hayo wote walikuwa wa chama kimoja, TANU. Walikuwa wamezungushwa jimboni pamoja, wakapandishwa jukwaa moja mbele ya viongozi wa chama, wakazungumza kwa zamu, kwa Kiswahili tu. Walikatazwa kuomba kura kwa kabila, rangi au dini, na hakuna aliyeruhusiwa kudai kwamba Rais, Mwalimu Nyerere, anamtaka yeye. Alama zenyewe ziligawiwa na chama, na wagombea wengi waliamini kuwa aliyepewa jembe amebahatika, maana wapiga kura ni wakulima.

Chama cha pili hakikuwapo. Hata hivyo, kura zilipohesabiwa, Waziri wa Fedha, Paul Bomani, alikuwa ameanguka, na baadhi ya manaibu waziri na wabunge wa siku nyingi wakaanguka pamoja naye. Morogoro, Amir Jamal, Mtanzania wa asili ya Kihindi, alichaguliwa na wapiga kura ambao wengi wao sana walikuwa Waafrika.

Uchaguzi huu husimuliwa kwa namna mbili zisizopatana: wapo wanaousifu kuwa demokrasia ya Kiafrika, na wapo wanaouhesabu kuwa siku Bunge lilipofungwa mdomo. Naona pande zote mbili zinaruka swali lililo zito zaidi, ambalo nchi hii imelibeba tangu enzi za gavana: kiti cha mbunge ni mali ya nani?

Mwaka 1926, Gavana Donald Cameron wa Tanganyika alipozindua Baraza la Kutunga Sheria, LEGCO, jibu lilikuwa wazi. Wajumbe wote waliteuliwa, na gavana mwenyewe ndiye aliyeongoza vikao. Miongoni mwao walikuwamo Wazungu na Waasia. Mwafrika hakuwamo hata mmoja, na maslahi yake yalisemewa na maofisa wa serikali. Ilipita karibu miaka 20 kabla ya Chifu Kidaha Makwaia wa Usukuma na Chifu Abdiel Shangali wa Machame kuingia, mwaka 1945, nao pia kwa kuteuliwa.

Uchaguzi wa kwanza ulipokuja, mwaka 1958 na mapema 1959, kiti kiligawanywa kwa rangi. Kila jimbo lilitoa Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na mpiga kura alilazimika kuwachagua wote watatu, la sivyo kura yake inaharibika. Haki ya kupiga kura ilitegemea kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya miaka minane, au kushika cheo fulani. Waliojiandikisha hawakufika 60,000 katika nchi ya mamilioni ya watu. Mkutano wa TANU wa Tabora, Januari 1958, uligawanyika vikali juu ya kushiriki au kususia. Nyerere aliushawishi ukubali kushiriki. Zuberi Mtemvu, aliyepinga, akajitoa na kuanzisha chama cha African National Congress. Kilichofuata hakikutarajiwa na waliotunga mfumo huo: kwa kuwa TANU ndiyo iliyokuwa na kura za Waafrika, iliwaunga mkono Waasia na Wazungu iliowaamini, na kura tatu zikageuka silaha mkononi mwake. Sophia Mustafa wa Arusha na Lady Marion Chesham wa Nyanda za Juu Kusini waliingia LEGCO kwa njia hiyo.

Agosti 1960, TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Kiti kilichobaki, cha Mbulu, kilichukuliwa na Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyesimama kama mgombea binafsi dhidi ya mteule wa chama chake. Viti 58 vilipita bila kupingwa. Ushindi huo ulikuwa na kasoro ambayo Nyerere aliiona mapema kuliko wengi: pale mgombea wa chama anapopita bila kupingwa, mwananchi hana alichochagua. Tume ya Rais iliyoongozwa na Rashidi Kawawa ilipendekeza dawa yake mwaka 1965. Mkutano wa TANU wa wilaya uwapigie kura wanaoomba, Halmashauri Kuu ya Taifa ipitishe wawili, kisha jimbo zima liamue.

Kwa hiyo mpiga kura alipata uhuru wa kumkataa mtu, ila si sera. Mbunge naye alijikuta na mabwana wawili. Halmashauri Kuu ilipewa uwezo wa kuita mashahidi, na wajumbe wake wakalipwa posho sawa na wabunge, kiasi kwamba mijadala mizito ilihamia huko. Oktoba 1968, wabunge kadhaa walivuliwa uanachama wa TANU, akiwamo waziri wa zamani Oscar Kambona, aliyekuwa tayari uhamishoni. Uanachama ulipokwisha, ubunge nao ukaisha. Wananchi wa majimbo yao hawakuulizwa lolote, na hapo ndipo naona sifa za mwaka 1965 zinapoishia.

Si kila bunge linakwenda hivyo. Huko Uingereza, Edmund Burke aliwaeleza wapiga kura wa Bristol mwaka 1774 kwamba mbunge hupeleka bungeni akili yake, si maagizo yao. Mwaka 1780, alipoona watamkataa, alijitoa. Winston Churchill alihama kutoka chama cha Conservative kwenda cha Liberal mwaka 1904 akabaki mbunge wa Oldham hadi uchaguzi uliofuata. Uingereza, chama kinaweza kumfukuza mtu. Kiti hubaki chake. Kenya ilichagua njia nyingine. Oginga Odinga na wenzake walipohamia chama cha KPU mwaka 1966, Katiba ilibadilishwa haraka ili aliyehama chama arudi kuomba kura upya. Shabaha ilikuwa kuwakomoa, na wengi wao walishindwa, lakini angalau jimbo lilipewa neno la mwisho.

Tanzania iliporudisha vyama vingi mwaka 1992, baada ya ripoti ya Tume ya Jaji Francis Nyalali, ilifungua mlango wa chama kingine na kuuacha umefungwa ule ambao Sarwatt aliupitia. Mgombea lazima awe mwanachama wa chama na apendekezwe nacho. Akipoteza uanachama, anapoteza kiti. Hiyo ndiyo kanuni ya 1968, imepewa tu vyama vingi vya kuitumia.

Mchungaji Christopher Mtikila aliipinga mahakamani mwaka 1993. Jaji Kahwa Lugakingira alimpa haki mwaka 1994, na Bunge likabadilisha Katiba kuizima hukumu hiyo. Mtikila alirudi Mahakama Kuu akashinda tena mwaka 2006. Mwaka 2010, Mahakama ya Rufani ilisema jambo hilo ni la kisiasa, liamuliwe na Bunge, yaani na watu walewale ambao viti vyao vinashikwa na vyama. Juni 2013, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Tanzania imevunja haki za raia wake na inapaswa kurekebisha Katiba. Mtikila alifariki Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi mkuu. Katika uchaguzi huo, na katika ule wa 2020, hakuna mgombea binafsi aliyeruhusiwa kusimama.