Upole wa Kauli Si Woga

Kila ninapofundisha historia ya vita vya Vietnam, hakosi mwanafunzi wa kuniuliza: je, kusema kwa upole mbele ya dhuluma si woga? Nami hulijibu swali hilo kwa maisha ya mtawa Thich Nhat Hanh.

Katika Njia ya Sehemu Nane aliyoifundisha Buddha, sehemu ya tatu ni kauli njema: kujiepusha na uongo, uchonganishi, matusi na porojo. Mtawa huyu aliitoa kauli hiyo hekaluni akaipeleka vitani. Akiwa Saigon alishiriki kuanzisha shule ya vijana waliokwenda kujenga upya vijiji vilivyoharibiwa kwa mabomu. Mwaka 1966 aliasisi jumuiya yenye kanuni 14. Mojawapo inakataza maneno ya chuki na mfarakano, lakini kanuni hiyo hiyo inaagiza kuitaja dhuluma hata pale usalama wa msemaji unapokuwa hatarini. Hapo ndipo upole unapoachana na woga.

Gharama yake haikuwa ndogo. Juni 1966, akiwa Washington, alidai mabomu yakome. Hakuweza kurudi kwao hadi 2005. Mwaka 1967 vijana wa shule ile waliuawa kwa risasi. Wenzao waliwazika bila kuwalaani wauaji, wakishikilia kwamba binadamu si adui. Mwaka huo huo Martin Luther King alimpendekeza mtawa huyo kwa Tuzo ya Nobel ya Amani, na Aprili 4, katika kanisa la Riverside, New York, akaipinga vita hiyo waziwazi.

Baadaye mwanasaikolojia wa Marekani, Marshall Rosenberg, alifundisha jambo la jirani: taja ulichokiona bila kuhukumu, kisha hisia, hitaji na ombi lako.

Nakiri kwamba niliwahi kuiandikia ofisi moja barua ya malalamiko iliyojaa kejeli. Nilijibiwa kejeli zangu. Hoja yangu haikuguswa. Tangu hapo nimeelewa kwamba tusi humpa mkosaji mahali pa kujificha. Mwanaharakati anayeandaa tamko, na mtumishi wa umma anayemjibu mwananchi, wataje tendo, tarehe na madhara yake, wala wasipunguze ukweli hata chembe. Ulimi usiotukana ndio unaomnyima dhalimu kisingizio.